Pazia Lililogeuzwa

Inspekta Kunzes Angmo alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba ambacho hakuruhusiwa kuingia, akipeleleza kwa macho ya mtu mwingine, na alikuwa na wasiwasi kwamba macho yenyewe yamefumbwa.

"Motup," aliita. "Umefumba macho?"

"Hapana, afande."

"Mbele yako unaona nini?"

Konstebo Motup alisita humo gizani. "Miguu, afande. Miguu ya Mlinzi."

"Na juu ya miguu?"

"Kiuno, afande. Nadhani ni kiuno."

Kunzes aliegemea fremu ya mlango, akainua mguu wa kulia kuupumzisha, akaushusha, akainua wa kushoto. Vidole vyote vilikuwa vimevimba tangu wapande kutoka mjini juu ya mto ulioganda, na usingizi alioupata jana yake ulikuwa wa kuibia-ibia. Angekuwa na nguvu angegombana. Lakini katika monasteri ya Lungmar mwanamke haingii chumba cha Mlinzi, awe na cheo asiwe nacho, na kijijini kwao Kunzes mambo yalikuwa hayo hayo. Nje ya mlango wa namna hii alikuwa amezoea kusimama tangu utotoni. Kwa hiyo alimwingiza konstebo, mwanamume mzima mwenye watoto watatu, ambaye sasa alikuwa akikagua eneo la tukio huku ameinamisha kichwa kama mkwe mbele ya mama mkwe.

"Motup, uso haupo. Ndiyo maana tumeitwa. Unaogopa kutazama kitu kisichokuwepo?"

"Mazoea, afande."

Nyuma yao Wangdus, mkuu wa kijiji, alikohoa. "Mazoea mazuri hayo," alisema. "Kuna wengine yamewatoka."

Alimtupia jicho mtawa Chospel, mtunza chumba, aliyekuwa ameketi chini kwenye kijua cha asubuhi, mgongo ukutani, mikono imefungwa kwa kamba ya manyoya ya yaki, ng'ombe wa milimani. Kamba ilikuwa ya Wangdus, si ya polisi. Mzee hakuonekana kuisikia.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na Kunzes alikuwa ameshakisikia mpaka kimemkinai. Mlinzi wa Lungmar, sanamu ya udongo, alikuwa na uso wa fedha, uliofunikwa pazia mwaka mzima. Siku moja tu, kwenye sikukuu ya mwisho wa baridi, pazia hufunuliwa, wanaume huingia, huutazama, hutoka, na pazia jipya hufungwa. Mwaka huu Chospel alifunua pazia mbele ya wanaume wote wa kijiji, na nyuma yake hapakuwa na uso. Palikuwa na udongo mtupu na nyasi zilizokuwa zikichungulia. Wangdus aliamuru chumba kifungwe, kila kitu kibaki palepale kilipoanguka. Kisha alimfunga mtunza ufunguo, akateremka mwenyewe juu ya barafu kwenda kuita polisi. Hilo la kufunga chumba ndilo jambo pekee la busara ambalo Kunzes alikutana nalo tangu aondoke kituoni.

Sasa barafu ilikuwa imeanza kulia chini ya nyayo. Kesho asubuhi lazima washuke, la sivyo wangekwama Lungmar hadi theluji iyeyuke kwenye njia ya mlimani. Na kama jua lingezama bila jibu, Chospel angeshuka nao. Wanaume walikuwa wameshakubaliana: avuliwe joho, apelekwe. Kunzes alikuwa amemtazama yule mzee akipanda ngazi za monasteri, akivuta goti moja na kulisubiri la pili. Hakudhani magoti yale yangefika nusu ya mto.

"Mbona hamkumwapisha tu?" alimuuliza Wangdus.

"Mbele ya nini? Sisi kiapo tunaapa mbele ya uso. Anayeapa uongo pale haioni sikukuu nyingine, na anajua, kwa hiyo haapi. Ndivyo kesi zetu zinavyokwisha. Hatujawahi kuwahitaji ninyi." Wangdus alipandisha mabega. "Uso hakuna, imebidi tuwaite."

"Tunashukuru," alisema Kunzes.

"Na jibu ninalo. Ni yule mnunuzi wa vitu vya kale. Kiangazi alikaa hapa, akanywa chai kwa huyu mzee, akaondoka na begi kubwa. Uso uko kwenye kabati la tajiri fulani saa hizi, na sisi tuko hapa tunapigwa na baridi."

Kunzes alichuchumaa mbele ya mtawa. Magoti yake mwenyewe yalilalamika.

"Mzee Chospel, huyo mnunuzi alikuja?"

"Alikuja."

"Alitaka kununua?"

"Alitaka hata birika langu."

"Ukamuuzia?"

"Nilimwambia linavuja."

Motup alicheka humo ndani, kisha akakumbuka alipo, akanyamaza.

"Nani amechukua uso?"

"Sijaona mtu kwa macho yangu, afande."

"Na kwa akili yako?"

"Akili yangu imezeeka. Usiipeleke mahakamani, itakuaibisha."

Kunzes alimtazama. Katika kazi yake alikuwa amehoji waongo wa kila aina, na wengi wao walikuwa wepesi wa neno moja: sijui. Mzee huyu tangu jana alikuwa amelikwepa neno hilo kama mtu anavyokwepa dimbwi. Alikuwa anajua, na hakutaka kusema uongo, na alikuwa tayari kufia mtoni kuliko kusema kweli. Ilimchosha Kunzes kulifikiria.

"Motup," aliita. "Niletee pazia."

Motup alitoka kinyumenyume, kichwa chini, akipapasa fremu ya mlango kwa bega, pazia limekunjwa mikononi. Alipovuka kizingiti ndipo alipoinua macho na kupumua. Kuna kitu katika kutoka kwake kilimgusa Kunzes, kitu alichokuwa amekiona mahali fulani karibuni, lakini hakikumjia, akakiacha.

Walilitandaza pazia juani. Lilikuwa kitambaa kizito, upande mmoja una nakshi za mawingu na ndimi za moto, upande wa pili mtupu. Nakshi zilikuwa zimemezwa na masizi ya taa za siagi, mawingu hayatofautiani na moto. Kunzes aligeuza upande mtupu. Ule nao ulikuwa na masizi, mepesi, ya kijivu.

"Nakshi hutazama wapi?" aliuliza.

"Nje," alisema Wangdus. "Kwenye taa. Sasa utapambia nini ndani?"

"Kwa hiyo upande huu mtupu unalala juu ya uso. Masizi yameufikiaje?"

"Moshi hauna adabu, afande. Unapenya."

"Ungepenya ungeanzia pembeni. Pembeni hapa ni safi. Katikati ndipo pamechafuka, mahali pa kutazamana na taa." Aliinuka, akashika kiuno. "Mtu alilifungua pazia hili, akachukua uso, akalifunga tena ndani nje. Likakaa hivyo muda fulani, likala moshi upande wa pili. Mzee Chospel, ulipolifunua siku ile, uliona."

"Nilikuwa natetemeka, afande. Siku ile huwa natetemeka."

"Kwa hiyo uliona."

Chospel alitazama kamba mikononi mwake.

Motup alikuwa amevutiwa sasa. Alichuchumaa akapitisha kidole upande mtupu, kikatoka na vumbi la kijivu. Akapitisha upande wa nakshi, kikatoka cheusi tii.

"Sikukuu ya taa," Kunzes alimuuliza mtawa, "mwanzo wa baridi. Humo ndani mnawasha taa kiasi gani?"

"Za kijiji kizima. Nikitoka humo natema mate meusi."

"Na baada ya hapo?"

"Moja tu, asubuhi. Siagi inakuwa imetuishia."

"Basi kama pazia lingekuwa limegeuzwa kabla ya sikukuu ya taa, upande huu mtupu ungekuwa mweusi kama ule mwingine. Hiki ni kijivu cha taa moja moja. Uso ulikuwepo humu wakati wa sikukuu ya taa, mkuu. Uliondoka baadaye." Alimgeukia Wangdus. "Njia ya mlimani ilizibwa na theluji lini?"

Wangdus alifungua mdomo, akaona neno linakompeleka, akalisema hivyo hivyo. "Kabla ya sikukuu ya taa."

"Mnunuzi wako alikuwa ameshafika mjini zamani, anakunywa chai ya sukari. Aliyechukua ni mtu wa hapa. Tangu njia izibwe, nani ametoka Lungmar?"

Chini bondeni mbwa alibweka, akachoka.

"Ni mimi," alisema Wangdus. "Nimetoka mimi peke yangu. Kuja kuwaita."

"Ukiwa na begi."

"Nikiwa na unga wa shayiri na blanketi." Uso ulikuwa umemwiva. "Unanishuku mimi? Mimi niliyemfunga mwizi?"

"Mwizi yeyote mwenye akili angemfunga mtu mwingine."

"Twende nyumbani kwangu," alisema Wangdus kwa sauti ndogo. "Pekua. Pekua mpaka ndani ya pipa la unga. Ukikosa, utaniomba radhi mbele ya watu wote."

"Nitakuomba."

Alitangulia kuteremka, hasira ikimpeleka mbio. Motup akamfuata. Kunzes alikawia, kwa sababu kile kitu kilichomgusa kilikuwa kimemrudia, na safari hii kilikuja na jina. Alikuwa amelala nyumbani kwa Wangdus. Asubuhi, akinywa chai ya chumvi karibu na jiko, alimwona Deskit, mke wa Wangdus, akitoka chumba cha mama mkwe wake na bakuli mkononi. Alitoka kinyumenyume, kichwa chini, akipapasa fremu kwa bega. Kunzes alidhani ni heshima. Lakini mwanamke aliyemwogesha mama mkwe wake na kumtolea choo miaka na miaka hamwondokei namna hiyo. Heshima ya aina ile ina mahali pake pamoja tu.

Hapo ndipo alipoliona kosa. Tangu afike alikuwa amewahoji wanaume wa Lungmar wote, mmoja baada ya mwingine. Mwanamke hakumhoji hata mmoja, kwa kuwa wanawake hawaingii. Hakuna kijijini aliyewafikiria, na yeye, aliyesimama asubuhi nzima nje ya mlango ule ule, hakuwafikiria pia. Alijionea aibu.

"Mzee Chospel, ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye kigingi, jikoni."

"Jikoni kwako anaingia nani?"

"Wanaoleta siagi."

"Wanaume?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana mzee alionyesha hofu. Alijaribu kusimama, akashindwa, akaushika mkono wa Kunzes kwa mikono yake iliyofungwa.

"Afande, nipeleke tu mtoni," alisema. "Magoti yangu si mabaya kama yanavyoonekana."

Deskit alikuwa jikoni akichochea samadi kavu motoni walipoingia. Mumewe hakumsalimu. Alianza kupekua nyumba yake mwenyewe kabla polisi hawajagusa kitu: akafunua mikeka, akafungua masanduku, akatumbukiza mkono katika pipa la unga hadi begani na kuutoa mweupe. "Andika hilo," alimwambia Motup. "Kwenye unga hakuna." Alipanda darini, akashusha nyama iliyokaushwa, akashusha matandiko ya farasi. "Na hapa hakuna. Bado wapi, afande? Chini ya jiko?"

"Bado pale," alisema Kunzes.

Ulikuwa mlango mfupi wenye pazia la sufi. Deskit alikuwa ameshasimama mbele yake, bila mtu kumwona akitembea.

"Humo kuna mgonjwa," alisema.

"Ni mama yangu," Wangdus alisema, na hasira yake ikapungua. "Anaumwa sana. Baada ya sikukuu ya taa tulishamwita Chospel aje amsomee, tukajua siku yake imefika. Halafu akageuka, akaanza kula. Sijui hata imekuwaje. Mwache, afande."

"Nitaingia peke yangu. Mwanamke kwa mwanamke. Deskit, dada yangu, nipishe."

Deskit alimtazama machoni, akaona hakuna cha kuficha tena, akapisha.

Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa harufu ya mreteni uliochomwa. Bibi kizee, ambaye kijiji kizima kilimwita Abi kwa sababu alikuwa bibi wa kila mtu, alikuwa amelala kwa ubavu akitazama ukutani. Ukutani palikuwa na shubaka, na katika shubaka, taa ya siagi mbele yake, palikuwa na uso wa Mlinzi.

Kunzes alisimama. Kielelezo lazima kitambuliwe, na kukitambua ni lazima kukitazama, hivyo akautazama. Alikuwa na umri wa kukaribia pensheni na hakuwahi kuuona uso wa namna hii, si huu wala wa kijijini kwao. Mwili ulimsisimka, na hilo halikuhusiana na kazi.

"Umekuja kumchukua," Abi alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Abi."

"Keti kwanza. Miguu inakuuma, nasikia unavyokanyaga."

Kunzes aliketi pembezoni mwa kitanda. Alipaswa kuuliza maswali. Aliuliza moja. "Kwa nini, Abi?"

"Mume wangu alipokufa," alisema Abi, "Chospel aliketi hapo ulipoketi, akamsomea sikioni. Sasa umekufa, mwana wa fulani. Sasa utamwona Mlinzi, anatisha, amejaa moto. Usimkimbie. Mtambue. Anayemtambua anapita salama. Anayemkimbia anapotea, anaangukia popote." Alipumzika kidogo. "Mume wangu alikuwa amemwona kila mwaka tangu ana meno ya utoto. Angekosaje kumtambua? Mimi nilikuwa nje ya mlango. Maisha yangu yote nimempelekea siagi, uso wake siujui. Nikaanza kufa, nikaogopa. Nilijijua. Mimi nitakimbia."

"Ukamtuma Deskit."

"Sikumtuma. Nililia tu. Yeye akaenda."

Pazia la sufi lilifunguliwa kwa nguvu. Wangdus alikuwa amesikia, na alipouona uso katika shubaka aliinamisha kichwa papo hapo, bila kupenda, kisha akamgeukia mkewe.

"Uliingia," alisema.

"Niliingia."

"Wewe. Mle ndani."

"Nilifumba macho," alisema Deskit. Alikuwa analia na sauti ilikuwa imara. "Kuanzia kizingitini. Nilipapasa kila kitu. Hata humu sijawahi kumtazama, muulize mama. Nilidhani ni siku moja tu, mama amwone, afe kwa amani, nimrudishe. Alipomwona akaomba uji. Kesho yake akaomba nyama. Ningemnyang'anya vipi?"

"Nilitaka kumzoea," alisema Abi.

Wangdus aliketi sakafuni, mkono mmoja bado mweupe kwa unga. Alionekana mzee ghafla.

Kunzes alisugua macho. Hii ndiyo saa aliyokuwa akiichukia katika kila kesi, jibu linapopatikana na halimfai mtu. "Kitu kimepatikana," alisema. "Lakini kupatikana hakutamfungua Chospel. Wanaume watauliza nani. Nisiposema, wataendelea kusema ni yeye, na yeye atakubali. Ameshakubali. Anajua ni nani aliyeleta siagi jikoni kwake. Nikisema..."

"Nikitajwa mimi," Deskit alimalizia, "kila theluji itakayoporomoka ni mimi. Kila mtoto atakayekufa, kila yaki atakayeharibu mimba. Najua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nitasema. Yule mzee hauwezi mto."

Wangdus hakubisha. Alikijua kijiji chake, na alijua kwamba kama mke angekuwa wa mtu mwingine, sauti ya kwanza ya kumfukuza ingekuwa yake yeye. Kisha akainuka.

"Kaa na mama," alimwambia mkewe.

Alivua shali yake, akaitandaza mikononi, akausogelea uso.

"Ngoja," alisema Abi. Alijiinua kwa kiwiko, akautazama uso kwa makini, kama mtu anayekariri njia. Kisha akalala chali. "Haya. Mchukue."

Wanaume walikusanyika kwenye uwanja wa monasteri, wanawake chini yao kwenye ngazi, Deskit miongoni mwao. Hakukaa na mama. Wangdus alipita katikati na mzigo wake wa shali, na wote aliopita mbele yao waliinama.

"Ni huu," alisema. "Na aliyeuchukua ni mimi."

Mmoja wa wazee akauliza, "Wewe?"

"Mama alikuwa anakufa. Nilitaka amwone kabla hajaenda. Nikaona haya kusema, na siku ilipofika nikaona haya zaidi."

"Ukamfunga Chospel."

"Nikamfunga Chospel."

Manung'uniko yalizunguka uwanja. Kumwonyesha mwanamke uso lilikuwa jambo zito, lakini mwanamke mwenyewe alikuwa kizee kitandani, na uso ulikuwa umerudi. Walitazamana wasijue wakasirike kwa kiasi gani. Yule mzee aliyeuliza, ambaye alikuwa amemjua Wangdus tangu kuzaliwa na hakumwelewa hata kidogo, alisema neno ambalo wote walikuwa wakilingoja.

"Apa."

Chospel, palepale ukutani, alitikisa kichwa. "Hakuna haja," alisema. "Mimi nimeridhika. Mwacheni."

"Aape," walisema wanaume.

Wangdus alivua viatu, akaingia. Kunzes alisimama kizingitini, mahali pake. Alisikia udongo ukikwaruza fedha, uso ukipachikwa. Kisha sauti ya Wangdus ikasikika, ya kawaida kabisa, kama anayetangaza zamu za maji.

"Mimi Wangdus nimeuchukua kwa mikono yangu. Hakuna mtu mwingine aliyevuka kizingiti hiki kuuchukua. Kama nasema uongo, nichukue mimi kabla hujafunuliwa tena."

Kwenye ngazi Deskit alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyeungua na sufuria. Wanawake walio karibu naye wakadhani ni aibu, wakamshika mabega. Kunzes angeweza kuzuia. Neno moja lilitosha, na hakulisema, na isingekuwa haki kusingizia uchovu.

Kamba ilikatwa. Chospel alikaa akisugua viganja vyake na hakumshukuru mtu.

"Afande," Motup alinong'ona, "tunaandika nini?"

"Mlalamikaji amekiri kuchukua mwenyewe. Hakuna kesi."

"Lakini lile pazia, afande. Mkuu anaingia mle kila mwaka. Nakshi anazijua. Angeligeuza vipi?"

"Motup, ulipokuwa humo ndani uliona nini?"

Konstebo alifikiri. "Miguu, afande."

"Basi andika miguu."

Watu walitawanyika. Njia ya kuteremka kijijini ilikuwa nyembamba, na desturi ni mume kutangulia, mke kufuata nyuma kwa mbali. Wangdus alitangulia, kisha akasimama. Alisubiri mpaka Deskit alipomfikia, na wakaendelea bega kwa bega, mmoja akikanyaga theluji laini ya ukingoni. Kunzes alikuwa nyuma yao akichechemea. Alijaribu kupunguza mwendo asiwasikie, lakini hewa ya mlimani haifichi kitu.

"Nilimtazama wakati naapa," Wangdus alikuwa akisema. "Nilimtazama vizuri."

"Usiniambie."

"Nakuambia. Ni mdogo, si mkubwa kama unavyodhani. Macho ni matatu. La katikati limechubuka, linaonekana jekundu. Ulimi uko nje. Meno yako wazi, lakini moja la kushoto halipo, lilivunjika zamani."

Deskit alizidi kutazama njia.

"Nitatangulia mimi," alisema Wangdus. "Mwaka huu huu. Wewe utakuja baadaye, hata ukichelewa sana. Ukifika, ukimwona, usikimbie. Mimi nitakuwa pembeni yake."

Walipita jabali, wakapita mfereji uliokauka. Theluji ililia chini ya viatu vyao.

"Jino la wapi, umesema?" aliuliza Deskit.

"La kushoto."